Kifutu Njiani: Jina Lake, Tabia Yake, na Impasavyo Msafiri

Katika vitabu vitokavyo Marekani msomaji hukuta habari za nyoka mwenye njuga mkiani, ambaye akikaribiwa huzitikisa ili kuonya. Wanafunzi huwauliza walimu wao kama nyoka huyo yupo katika milima ya Usambara. Hayupo, wala hayupo po pote katika Afrika, maana asili yake ni bara la Amerika tu. Lakini tunaye hapa nyoka wa ukoo uo huo, wenye meno marefu yakunjikayo, naye pia huonya, si kwa njuga bali kwa pumzi. Huyo ndiye kifutu, aitwaye pia bafe au moma. Asemaye Kiswahili hulisikia ndani ya jina hilo neno kufutuka, yaani kuvimba kwa hasira. Na ndivyo afanyavyo hasa. Huujaza mwili wake pepo, kisha huitoa kwa kishindo kama mvukuto wa mhunzi.

Mtu atokaye Korogwe kwa miguu, akapita kando ya mashamba ya mkonge na kupanda kuelekea Vugiri au Bungu, apita katika nchi impendezayo sana nyoka huyu. Panya hupenda mashamba na vichaka, na kifutu hupenda panya. Rangi yake ni ya majani makavu na udongo, na mgongoni ana alama zilizopangwa mfano wa herufi V. Mwili wake ni mnene na mfupi, kwa kawaida yapata meta moja, na kichwa chake ni kipana. Jioni hupenda kulala penye njia. Juu zaidi, katika misitu yenye ukungu, yuko ndugu yake mdogo mwenye vipembe juu ya macho, ambaye wataalamu humwita Atheris ceratophora. Huyo hukaa katika matawi ya vichaka, basi kwake mkono umo hatarini kuliko mguu.

Hapa ndipo yafaa tukae kidogo. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba mtu akikanyaga kwa kishindo, nyoka watakimbia. Kwa nyoka wengi neno hili ni kweli. Koboko mwenyewe, pamoja na sifa zake zote za kutisha, mara nyingi hujiendea zake asionekane. Lakini kifutu hakimbii. Kinga yake ni kutulia na kutoonekana, naye huitumainia kinga hiyo hata mguu unapomkaribia kabisa. Wala msafiri asimtegemee mbwa atanguliaye, maana mwaka 2015 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza kwamba mbwa waliozoezwa kutambua harufu za nyoka walishindwa kumnusa kifutu aliye hai. Basi, kwa kuwa yeye haondoki, hapana budi mtu ndiye aondoke.

Mwalimu aongozaye watoto akisikia mvumo ule, na asimame papo hapo, akawanyamazishe walio nyuma, akatazame chini kabla ya kuinua mguu. Kwa kuwa anayeruka bila kutazama aweza kumrukia yule yule amkimbiaye. Akishamwona, arudi nyuma hatua kadhaa kwa taratibu, kisha awazungushe watoto mbali naye, au angoje. Kifutu hamfukuzi mtu. Hupiga kwa haraka kuliko jicho liwezavyo kufuata, lakini hupiga alicho karibu nacho tu.

Litazuka swali la fimbo. Desturi yetu ni kwamba neno "Nyoka!" likisikika, wanaume hukusanyika na marungu, na aachaye nyoka apite huonekana mwoga. Nasi hatuwacheki, proverbu ya wazee yasema mwana wa nyoka ni nyoka, na kwa kifutu hili ni kweli tupu, kwani hazai mayai bali watoto wenye sumu tangu siku ya kuzaliwa. (Mmoja wa kike aliyetoka Kenya alizaa watoto 156 katika bustani ya wanyama huko Ulaya.) Hata hivyo, porini twaona ni afadhali kumwacha. Ampigaye humkaribia, na kumkaribia ndiko kuumwa. Tena kichwa kilichokatwa chaweza kuuma bado, na watoto hupenda kukichezea. Katika uwanja wa shule shauri ni jingine: watoto waondolewe kwanza, mtu mmoja amtazame kwa mbali asipotee, na aitwe mtu mzima ajuaye kazi hiyo.

Kuna jambo la lugha lenye hatari yake. Wazee wengi hawapendi kulitaja jina la nyoka usiku, wakamwita kamba au mdudu. Mtoto wa bwenini akilia gizani kwamba ameumwa na kamba, mwalimu mgeni asidhani anaota ndoto. Na awashe taa, amtazame mguu.

Sumu ya kifutu huvimbisha, hutoa malengelenge, huozesha nyama, na yaweza kuzuia damu isigande. Kwa kawaida haiui kwa dakika chache, basi iko nafasi ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, kama ile ya Magunga hapo Korogwe, asipocheleweshwa na mambo yasiyofaa. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi la mfupa uliochomwa, ambalo misheni nyingi zililigawa kwa nia njema, halivuti sumu. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, alazwe, kiungo kisitikisike, naye abebwe wala asitembezwe. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliandika sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi yaliyosahauliwa, lakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka duniani.

Dawa ya kuizima sumu hutengenezwa kwa damu ya wanyama, hasa farasi, nayo yenyewe yaweza kumdhuru ghafula mgonjwa mwingine. Kwa hiyo hutiwa mshipani na mganga aliye tayari kwa hilo, wala si dawa ya kuwekwa katika sanduku la shule.