Nduthi ya Mzee Bado Inadunda: Ifanyie Sevisi Mwenyewe, Mchanga wa Turkana Usiimalize

Manze, kama mzee amekuachia Honda CG125 na imelala nyuma ya keja huko Kalokol, usiiuze kwa bei ya chuma. Hiyo nduthi bado ina maisha. Lakini jua hivi: Ferguson's Gulf si Nairobi. Mchanga uko kila mahali, jua ni noma, na hadi Lodwar ni karibu kilomita 60. Nduthi ikikuzimia katikati saa saba mchana na samaki wako nyuma, hiyo siku umelala njaa.

Mimi ilinizimia hapo. Ikiwa baridi inawaka fiti, ikipata moto inakataa hadi ipoe. Fundi wa kwanza akanilipisha kusafisha kabureta. Wapi! Shida ilikuwa tapeti zimebana. Tangu hiyo siku, spana nashika mwenyewe.

Poa ni kwamba hii injini ilitengenezewa watu kama sisi. Honda waliitoa 1976 wakilenga nchi ambazo nduthi inabeba mzigo mzito na sevisi inasahaulika. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, kwa hivyo haina cheni ya ndani ya kulegea. Baadaye kampuni za China ziliiga hiyo injini, ndiyo maana spea nyingi za boda za 125 zinaingia. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi, linganisha kabla ya kutoa doo.

Sasa fuata huu mpangilio, usiruke.

1. Filta ya hewa
Hapa ndipo mchanga unaingilia. Ukipita filta, unakwangua silinda na pistoni, na hapo ni kufungua injini yote. Kama filta ni ya sponji, ioshe na mafuta ya taa, ikamue bila kuisokota, iache ikauke. Ipake oili kidogo, kamua tena. Hiyo oili ndiyo inashika vumbi. Sponji ikianza kumeguka, nunua ingine.

2. Plagi
Itoe uisome. Rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au filta imeziba. Nyeupe kabisa, hewa imezidi na injini inachemka, usiende safari nayo. Pengo liwe milimita 0.6 hadi 0.7.

3. Tapeti
Fanya asubuhi injini ikiwa baridi. Toa plagi, zungusha magneto hadi alama ya T ilingane na alama ya injini. Shika mikono ya valvu zote mbili: zikicheza kidogo, uko mahali sahihi. Zikiwa ngumu, zungusha raundi moja zaidi. Legeza nati, ingiza filageji ya milimita 0.08, kaza ikiteleza kwa shida kidogo. Ukishakaza nati, pima tena.

Na usidanganywe na sauti. Tapeti zikilegea zinapiga kelele, tik tik tik, lakini zikibana zinanyamaza. Valvu haifungi vizuri, inaungua polepole, na wewe unajisifu injini imetulia.

4. Kabureta
Hii ni ya mwisho, si ya kwanza. Ukiigusa filta ikiwa chafu, unarekebisha uongo. Pasha injini moto, zungusha skrubu ya hewa taratibu hadi mwendo upande juu zaidi, kisha shusha silensa kwa skrubu ya mwendo.

5. Cheni
Kama kifuniko cha cheni bado kipo, kiache hapo. Wasee hukitoa ndiyo nduthi ikae kali, halafu mchanga unakula cheni. Kama kilishatoka, usipake grisi nzito, itashika mchanga iwe msasa. Futa na mafuta ya taa, weka oili nyepesi, pangusa inayobaki.

Na ukioshea nduthi ziwani, acha hiyo tabia. Maji ya Turkana yana magadi, yakikauka yanakula nyaya na chuma. Tumia maji ya kisima, kidogo tu.

Filageji, spana chache, bisibisi na asubuhi moja. Hiyo ni rahisi kuliko kusukuma nduthi hadi Lodwar na samaki wakinuka mgongoni.