Hoteli kuukuu ya mjini kwenu inaweza kuwa jukwaa lako

Karibu kila mji mdogo humu nchini una jengo kuukuu ambalo watu hulitumia kuelekezana njia. "Ukishuka stejini, pita ile hoteli ya zamani, kata kushoto." Madirisha yaling'olewa kitambo, wapangaji ni popo, na kila mwaka kuna fununu kwamba litaangushwa yajengwe maduka. Wewe na wenzako nanyi mnafanyia mazoezi ya ngoma, rap au maigizo uwanjani, mvua ikinyesha shoo imeisha. Sasa niambie, hayo mambo mawili si yanafaa kukutanishwa?

Kuna mahali yalikutana. Jangwani California, Marekani, kuna kimji kinachoitwa Death Valley Junction. Kampuni ya kuchimba madini ya boraksi ilikijenga kati ya 1923 na 1925: hoteli, ofisi na ukumbi wa burudani. Baadaye kampuni ikaenda zake, mji ukabaki kama mahame.

Mwaka 1967, mchezaji densi kutoka New York, Marta Becket, alikuwa akipita huko gari lake likapata pancha. Tairi likiendelea kuzibwa, yeye akachungulia ule ukumbi. Paa lilivuja, sakafu imejaa matope, lakini akaona jukwaa. Akaukodi kwa dola 45 kwa mwezi. Taa za jukwaani zilitengenezwa kwa mikebe ya kahawa, na Februari 10, 1968, pazia likafunguliwa. Watazamaji? Watu 12.

Kuna usiku hakuja mtu hata mmoja, na bado alicheza. Halafu akashika brashi akajichorea watazamaji ukutani, wafalme, watawa na watu wa kila aina, kazi iliyomchukua miaka kadhaa. Watu wakaanza kusafiri kutoka mbali kuja kumwona. Alicheza hapo hadi 2012, akafariki 2017 akiwa na miaka 92. Mpaka leo mgeni anaweza kulala kwenye ile hoteli kisha atazame shoo ukumbini.

Hapo ndipo penye siri, msomaji wangu. Sanaa peke yake mara nyingi hailipi bili ya stima. Vyumba vya kulala wageni, kibanda cha chai au duka moja la mbele vikiingiza kodi, ukumbi wa nyuma unaweza kutumiwa na vijana kwa bei nafuu.

Utasema hayo ni ya wazungu. Haya, njoo nyumbani. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821, ilikuwa gereza hadi 1984. Ikakabidhiwa Makavazi ya Kitaifa, ikakarabatiwa, na leo ni makumbusho yenye maktaba na nafasi ya shughuli za wenyeji. Nairobi nako, wasanii waligeuza bohari la Industrial Area kuwa kituo cha GoDown mnamo 2003.

Kwa hivyo mnaanzia wapi? Kwanza, jueni mwenye jengo ni nani. Likiwa la umma, nendeni kaunti: Katiba ya 2010 inaipa kaunti jukumu la maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Likiwa la mtu binafsi, ombeni mkataba wa miaka kadhaa, ulioandikwa. Bila karatasi, mtapaka rangi leo na kesho mfukuzwe, jengo likipendeza apewe mwingine. Pia iko Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, inayoruhusu jengo la kihistoria kutangazwa turathi ili lisibomolewe kiholela.

Pili, pesa ya kwanza iende kwenye paa. Si rangi, si spika. Maji yakiendelea kuingia, kila kitu mtakachofanya chini kitaoza. Mwiteni pia fundi aangalie nyaya kabla hamjawasha chochote. Na kama kuta ni za mawe na chokaa, kama zile za pwani, msikubali zipigwe plasta ya simiti. Simiti hufungia unyevu ndani na ukuta huanza kumong'onyoka. Chokaa huuacha upumue.

Tatu, msingoje jengo lote liishe. Safisheni chumba kimoja, wekeni viti vya kuazima, fanyeni shoo ya Jumamosi. Mzee aliyewahi kuwa mpishi hapo akija kukaa mbele na kuanza kuwasimulia, mtakuwa na shahidi wa kuwatetea siku tingatinga litakapotajwa.

Basi kesho ukipita kwenye hilo jengo, simama uchungulie. Kisha uliza mwenyewe ni nani.