Je, Wajua? Gentoo Hujengwa Mwongozo Ukiwa Mkononi

Je, wajua kwamba mtumiaji wa Gentoo hupokea programu zikiwa bado msimbo chanzo, kisha kompyuta yake mwenyewe ndiyo huzijenga? Mfumo huu wa Linux, ulioasisiwa na Daniel Robbins, ulifikia toleo la 1.0 mwaka 2002. Mwalimu mkuu wa mtumiaji ni Handbook, mwongozo wa bure unaomshika mgeni mkono: kugawa diski, kufungua faili la stage3 (mfumo wa msingi), kuandaa kerneli, hadi kuwasha mashine. Ukiandika USE="-bluetooth" katika faili la mipangilio la make.conf, programu zenye hiari hiyo hujengwa bila bluetooth. Kujenga kivinjari kikubwa huweza kuchukua saa kadhaa. Ili kuwapunguzia kazi wenye mashine za polepole, tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa pia vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Unayeanza, usiruke ukurasa: hatua moja ikisahaulika, kompyuta inaweza kugoma kuwaka.