Umubirizi na Wayo wa Panya

Kwenye mitaa ya Biryogo, Kigali, isiyopitisha magari, chai ya tangawizi hunywewa ikiwa na sukari ya kutosha, na mazungumzo ya kisukari hayakosi mtu wa kuusifu umubirizi, mmea wa majani machungu: unashusha sukari, unaondoa na uvimbe. Dai la kwanza limejaribiwa mara nyingi kwa wanyama. La pili ni gumu kulipima, maana kisukari chenyewe huvuruga kipimo.

Panya wa maabara hufanywa wagonjwa makusudi. Hudungwa streptozotosini, kemikali inayoingia katika seli za kongosho zinazotengeneza insulini kupitia mlango uleule wa glukosi, ikaziua. Siku chache baadaye sukari hupanda; watafiti wengi humhesabu panya kuwa mgonjwa akifikisha 250 mg/dl. Kipimo cha zamani cha uvimbe ni kumdunga karajinani kwenye wayo. Karajinani hutoka kwenye mwani, ukiwemo ule wanaoulima akina mama wa Paje, Zanzibar. Wayo hufura ndani ya saa chache, kisha huchovywa kwenye chombo cha maji ili ujazo wake usomwe.

Sasa tatizo. Panya aliyepungukiwa insulini havimbi kama mzima. Watafiti wa Brazil walilieleza jambo hili mwaka 1973, na akirudishiwa insulini, uvimbe nao hurudi. Kwa hiyo mmea ukiifufua insulini kweli, wayo waweza kufura zaidi, na msomaji wa haraka akatangaza kwamba dawa imeshindwa!

Ndiyo maana mimi huwa sianzi kwa kusoma matokeo ya panya waliopewa majani. Naanza na wenzao. Wapo wagonjwa wasiopewa chochote? Wapo waliopewa insulini hadi sukari yao ikashuka sawasawa na ya wale wa majani? Tena uvimbe wa wayo ni wa saa chache, ilhali mchochota (inflamesheni) wa kisukari ni wa chinichini, wa wiki na miezi, na hufuatwa kwa protini za damu kama TNF-alfa na IL-6. Sukari ikishuka, protini hizo nazo huelekea kushuka. Zikishuka kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili, mmea haujaonyesha nguvu yoyote dhidi ya mchochota zaidi ya kushusha sukari. Utafiti usio na kundi hilo la insulini hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili, hata uwe na michoro mizuri namna gani.

Kuna na kipimo cha dozi. Miligramu 200 kwa kilo ya panya hugawanywa kwa 6.2 kupata makadirio ya binadamu: kama miligramu 32 kwa kilo, yaani gramu 2 na kitu kwa mtu wa kilo 70. Hizo ni gramu za unga unaobaki baada ya maji ya majani kukaushwa, si za majani. Glasi ya umubirizi uliochemshwa nyumbani haina kipimo hicho, na anayeinywa juu ya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, anaweza kushushwa sukari kupita kiasi. Na mwenye kisukari akivimba miguu yote miwili, asikimbilie majani; apimwe figo na moyo kwanza.