Modeli za watoto ni darasa la lugha, tusizipuuze

Wapo walimu wanaoamini kwamba mtoto anayeketi akiunganisha vipande vya plastiki hadi vikawa roboti anapoteza wakati ambao angeutumia kudurusu. Wapo pia wazazi wanaomkemea mtoto wa kando ya ziwa kwa kuwa ameshinda akikunja waya na kukata malapa makuukuu ili apate magurudumu ya gari lake. Makala haya yanakusudia kuwatetea watoto hao wawili, yule wa mjini mwenye sanduku lililotoka Japani na yule wa kisiwani mwenye mikebe, na kudai kwamba mikononi mwao mna somo ambalo sisi walimu wa lugha tunalihitaji mno.

Tuanze na mwenye sanduku. Uraibu wa kuunda modeli za plastiki haukuzuka jana. Nchini Uingereza, kampuni ya Airfix ilitoa modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949, kisha ya meli iitwayo Golden Hind mwaka 1952. Huko Japani, katuni ya Mobile Suit Gundam ilianza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1979, na mnamo Julai 1980 kampuni ya Bandai ikauza modeli ya kwanza ya roboti wa katuni hiyo, ikiwa imepunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 144, kwa bei ya yeni 300. Wajapani wakalifupisha neno Gundam, wakalifupisha na neno plastiki, wakayaunga, wakapata Gunpla. Lugha hai haingoji kamati.

Anayenunua sanduku hilo hakuti roboti ndani yake. Hukuta fremu bapa zilizoning'iniza vipande vidogo vidogo, kila kimoja na nambari yake. Hukikata kipande kwa koleo ndogo, hulikwangua kovu lililobaki kwa kisu na msasa, kisha hukipachika mahali pake. Modeli za mwanzo zilihitaji gundi na rangi. Nyingi za siku hizi hushikana zenyewe, na plastiki yake huja tayari na rangi. Hata hivyo, mpenzi halisi wa uraibu huu bado hupaka: kwanza rangi ya msingi, kisha tabaka nyembamba juu ya tabaka, akisubiri kila moja ikauke, halafu wino mweusi katika mifereji ili vivuli vionekane. Mwisho, ajabu ya maajabu, hupaka kutu na matope ya bandia ili roboti mpya aonekane ametoka vitani!

Neno roboti lenyewe lina kisa cha kumfaa mwanafunzi wa isimu. Liliingia ulimwenguni kupitia tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, iliyochapishwa mwaka 1920. Čapek alieleza kwamba nduguye, Josef, ndiye aliyempa neno hilo. Asili yake ni robota, kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa waliyoijua babu zetu wakati wa ukoloni. Basi huyu anayeketi usiku kucha akimpaka rangi kiumbe wa shokoa, yeye mwenyewe anafanya kazi ambayo hakulazimishwa na mtu. Hiyo ndiyo maana ya uraibu. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno hili, lililohusishwa tangu zamani na tambuu na tumbaku, linaendelea kuwatia wazazi hofu ya ulevi.

Sasa twende Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, ambacho msafiri hukifikia kwa kuvuka maji kutoka Mbita. Huko sanduku la Bandai ni nadra kama theluji. Lakini ukitembea ufuoni jioni, wakati nyavu za omena zimeanikwa, utawaona watoto na vyombo vyao: mashua za mabua na vipande vya mbao, tanga la karatasi ya nailoni, magari ya waya yenye usukani mrefu ambao dereva huushika akikimbia nyuma. Kutu ya magari hayo si ya kupakwa. Imekuja na mkebe.

Nimewahi kusimama kuwasikiliza watoto hao, na sikio la mwanaisimu halikukosa cha kuokota. Mazungumzo yao yamejaa vitenzi: kaza, legeza, pinda, toboa, ziba, inamisha. Yamejaa pia majina ya sehemu, na ubishi juu ya majina hayo. Hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya modeli hizi mbili. Sanduku la Japani huja na kijitabu cha maelekezo, na kijitabu hicho ni michoro na nambari tupu: kipande A1 kiingie katika B12. Ndiyo sababu mtoto wa Nairobi asiyejua hata herufi moja ya Kijapani huweza kuunda roboti huyo bila tatizo. Ujuzi umewekwa ndani ya picha, na lugha imewekwa kando. Mashua ya Mfangano haina kijitabu. Ujuzi wake unasafiri kwa njia mbili tu, jicho na ulimi: mkubwa anamwonyesha mdogo, anamweleza, anamkosoa. Jina la sehemu likipotea, maelezo nayo hulemaa.

Na majina kupotea si jambo la kuwazia tu. Mfangano ni mojawapo ya ngome za mwisho za Olusuba, lugha ya Kibantu ambayo kiambishi chake olu- hufanya kazi ile ile ya ki- katika Kiswahili. Wenyewe, Abasuba, wameishi kwa muda mrefu pamoja na Wajaluo, wakaoana nao, wakasoma nao. Dholuo, ambayo si ya Kibantu bali ni ya Kiniloti, imekuwa lugha ya kwanza ya jamaa nyingi za Kisuba, hasa bara. Shirika la UNESCO limeiweka Olusuba katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Sina ugomvi na Dholuo, lugha tukufu yenye fasihi pana. Ninalosema ni kwamba lugha haianzi kufa kwenye salamu. Hufa kwanza katika kazi: katika majina ya mafundo, ya mbao, ya pepo, ya hatua za kuunda chombo.

Tusidhani kwamba Kiswahili kimesalimika. Kila mwaka wanafunzi wetu hukariri methali isemayo, "Hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani." Waulize tezi ni nini, wengi watakuonyesha shingo. Ukweli ni kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini ndani ya chombo, maji yavujayo yanapokusanyika na kutekwa. Baharia hutembea mbele na nyuma, lakini hana budi kurejea ngamani kuyateka maji, ama sivyo chombo kitazama. Mwanafunzi aliyewahi kuunda mashua, hata ya urefu wa kiganja, hahitaji kuelezwa methali hiyo mara mbili.

Mtu atauliza: kuna hasara gani kifaa kikibaki na jina likapotea? Jibu liko kisiwani humo humo. Katika miamba ya Mawanga na Kwitone mna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara na misokoto. Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji waliotangulia wakazi wa leo. Waliochora walijua kuipata rangi, kuisaga, kuichanganya na kuipaka ikadumu. Rangi tunaiona. Neno hata moja la mchoraji hatunalo, wala hatujui aliyaitaje yale maduara. Picha imebaki bubu, nasi tumebaki kukisia maana yake.

Nawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, unataka mtoto atende, si akariri tu. Nia hiyo ni njema. Lakini sote tunajua yanayotokea: modeli huagizwa jioni iletwe asubuhi, mama hukesha akibandika katoni, au baba hulipa fundi, na mwalimu hutoa alama kwa kazi ya mtu asiye mwanafunzi wake. Mwaka 2021 manung'uniko juu ya mtaala huo yalifika hata Mahakama Kuu. Kosa si la modeli. Kosa ni kukisahihisha kitu kilichokamilika badala ya kuisahihisha safari ya kukiunda.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, modeli iundwe darasani, mbele ya macho ya mwalimu, kwa vitu vilivyopo: mabua, udongo, waya, vizibo. La pili, nusu ya alama iwe ya maelezo ya mdomo. Mtoto asimame na chombo chake, ataje kila sehemu na kazi yake, kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili. Sera ya kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo la shule imependekezwa tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976. Hapa pana mahali pa kuitekeleza bila kungoja vitabu. La tatu, kila shule ya kando ya ziwa imwalike fundi wa mashua, na wanafunzi waandike majina anayoyataja, Olusuba, Dholuo na Kiswahili, katika safu tatu za daftari moja. Madaftari kumi ya namna hiyo yangekuwa hazina kwa mtunzi wa kamusi.

Najua watakaodai kwamba mikebe ni alama ya umaskini, na kwamba mtoto wa karne hii astahili plastiki na kompyuta. Hao nawakumbusha Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa taka za plastiki na kupambwa kwa malapa yaliyookotwa ufuoni. Kilizinduliwa mwaka 2018, kikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 kikalizunguka Ziwa Viktoria. Plastiki ilikuwa mpya kwa mafundi hao, lakini mkuku ulibaki mkuku na mataruma yakabaki mataruma. Ufundi wa zamani ulikuwa na maneno ya kuipokea mali mpya.

Kwa hiyo mwenye uwezo amnunulie mwanawe roboti wa Japani. Atajifunza subira, usafi wa mkono na utiifu kwa mpango. Ila asimwache aunde kimya. Amwulize: hiki kiungo cha bega tukiiteje? Na hii mifereji ya wino? Mtoto akikosa neno, atalibuni, kama walivyobuni Wajapani. Naye wa Mfangano asinyang'anywe waya wake. Aulizwe maswali hayo hayo, na mwalimu awe na kalamu mkononi.