Mbwa wa shamba akipasuliwa tumbo, siku ya nne usilale

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kuku wa mayai alinipigia: "Afisa, mbwa wangu alipasuliwa, leo siku ya nne, anatapika, hataki kula. Ila kidonda kikavu kabisa." Mbwa alikuwa amemeza gunzi la hindi, likakwama kwenye utumbo. Nikamwambia mrudishe sasa hivi, usingoje kesho.

Jamani, kidonda cha nje kisikudanganye. Utumbo nao umeshonwa, na mshono ule ukiachia, mara nyingi ni kati ya siku ya tatu na ya tano. Uchafu unamwagika tumboni. Ukiona anatapika, amezubaa, tumbo limevimba au linamuuma ukiligusa, ni dharura hiyo. Na usimpe diklofenaki yako ya mgongo! Inaweza kumuua.

Lindo lisubiri. Mfunge, asiruke wala kulamba mshono, mpaka nyuzi zitolewe, kama siku 10 hadi 14.

Yule alifunguliwa tena usiku uleule. Kweli mshono ulikuwa unavuja. Amepona, ila bili ya pili ilizidi ya kwanza. Magunzi siku hizi anayatia guniani, analifunga kwa kamba.