Supachaja ya umeme ya 65,000: soma hapa kabla hujaagiza

Wiki hii nimeulizwa inboksi mara tatu kuhusu zile supachaja za umeme za gari, kama ni mzigo wa kuingiza dukani. Najibu hapa kwa wote, maana mimi niliziingiza na zikanitokea puani.

Kwa asiyezijua: ni feni ndogo, inafungwa kwenye bomba linalopeleka hewa kwenye injini, inatumia umeme wa betri ya gari, volti 12. Maelezo yake yanasema inaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Nilichukua 10 kwa 38,000 kila moja, nikaposti kwa 65,000, nikauza 4 ndani ya wiki. Nikajiona mjanja.

Akarudi kaka mmoja wa teksi mtandao, ana IST. Hakuja na fujo. Akasema, "Dada, hii kitu inapiga kelele tu. Kilima ni kile kile na mafuta ni yale yale." Nikamwambia labda fundi kakosea kuifunga. Tukaenda wote gereji. Fundi akachomeka ile mashine ya kusoma gari, inaonyesha injini inavuta gramu ngapi za hewa kwa sekunde. Tukapanda kilima, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, feni imewashwa. Tukarudi chini, tukapanda tena feni imezimwa. Namba zile zile. Nilikaa kiti cha nyuma kimya.

Fundi akanipigia hesabu, na ni hesabu ya darasani tu. Injini ya IST ile ni cc 1500, yaani lita 1.5. Kila ikizunguka mara mbili inaweza kuvuta lita 1.5 za hewa. Ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni 3,000 mara 1.5, kama lita 4,500 kwa dakika. Sasa kazi ya supachaja sio kupuliza upepo, ni kuibana hewa ili iingie nyingi kuliko ile injini inayoivuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, ndio nguvu inapatikana. Feni isiyofikisha hata zile lita za kawaida imekaa njiani tu, injini inavuta hewa kwa kuipitisha katikati ya mapanga yake.

Kubana hewa yote hiyo kunataka kilowati kadhaa. Ndio maana supachaja ya kawaida inazungushwa na mkanda wa injini, na turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenda ekzosi. Feni yangu ilikuwa na fyuzi ya ampea 5. Zidisha kwa volti 12 unapata wati 60. Ni umeme wa balbu moja ya taa ya mbele!

Za umeme za kweli zipo, tusidanganyane. Audi SQ7 ya dizeli iliyotoka 2016 inayo. Lakini ile inatumia volti 48, inakula mpaka kilowati 7, inazunguka mara 70,000 kwa dakika. Na bado kazi yake ni kusaidia tu pale gari linapoanza kuondoka, kabla turbo hazijapata moshi wa kutosha. Wati 7,000 kwa wati 60, pima mwenyewe.

Kuna wateja watakwambia wamesikia tofauti. Siwaiti waongo. Feni inalia, gari linatoka na sauti mpya, na mtu hela yake imeshatoka. Tena gari likiwa limesimama linaunguruma, injini inataka hewa kidogo sana, hapo feni inaweza kupuliza ya kuzidi. Ila hapo nani anatafuta nguvu?

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nyingine zinafungwa baada ya filta ya hewa. Panga likikatika, linavutwa kuelekea injini, na mteja atamtafuta aliyemuuzia, hatamtafuta aliyetengeneza.

Kwa hiyo ukiletewa chochote "kinachoongeza nguvu", muulize anayekuuzia volti na ampea, uzidishe mwenyewe. Akianza kukuzungusha, achana nacho. Mteja akilalamika gari zito, anzia filta ya hewa na plagi. Faida yake ndogo, lakini kwangu hazijawahi kurudi.

Niliwapigia wote wanne. Watatu nimewarudishia hela, 195,000 ikaondoka siku moja na mwezi ule kodi ya fremu nililipa kwa kukopa. Wa nne alikataa, anasema gari lake linaruka. Sijabishana naye. Zimebaki 9 chini ya meza. Moja nimeiunga kwenye betri ya zamani napulizia jiko la mkaa, na hapo inafanya kazi vizuri sana.